Shati la Mangsoe Juu ya Paa

Mwaka wa Kondoo, mwezi wa kumi, tarehe 3

Heringi wameingia! Tangu alfajiri mashua za kikosi zinamwaga samaki ufukweni, na sisi wanawake wa chumvi hatujapata hata nafasi ya kujikuna. Mwaka jana kisiwani hapa tulizika wapiga makasia wengi kuliko waliouawa na Wajapani, wote kwa njaa na homa ya merikebuni. Mwaka huu makao makuu yamesema basi, tusimngojee mfalme. Wa kuvua avue, wa kulima alime, wa kuchemsha chumvi achemshe. Chumvi yetu inakausha heringi, heringi wanavushwa bara kubadilishwa na shayiri, na shayiri inarudi kwenye matumbo ya wanaume wanaovuta makasia. Adui bado amekaa kwenye ngome zake za Busan, anasema anataka amani. Akae huko huko.

Jioni nilimwambia mume wangu, "Mangsoe, unajua kwamba mimi Okdan nalisha jeshi zima kwa karai moja la chuma?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Basi vita vikiisha nitawaambia watu kwamba niliolewa na jemadari."

Mtu huyu! Ukiwa naye huwezi kununa. Naandika haya kwa herufi za wanawake alizonifundisha marehemu mama, juu ya karatasi kuukuu za dirisha, na wasomi wakizidharau shauri yao.

Tarehe 5

Upepo umegeuka. Moshi wote machoni. Chumvi kidogo, tena ya kijivu.

Tarehe 9

Mdogo wangu Yeonbok amekuja. Kwanza sikumjua, nilidhani ni ombaomba amesimama mlangoni. Homa ya mwaka jana ilimkuta merikebuni, na aliposhushwa walishamhesabu kuwa maiti. Ana miaka ishirini na sita na anapanda kilima kwa kupumzika mara mbili, kama bibi kizee. Nilimpikia uji wa shayiri na vichwa vya heringi, akala bila kuinua macho.

Mangsoe alikuwa na ruhusa ya siku moja. Akamvua shemeji yake viatu vya majani, akamlaza upande wa sakafu wenye moto zaidi. Halafu akaniita nje.

"Mwandikishe kwetu," akasema. "Jina lake likae kwenye kibao cha mlango wetu, chini ya langu. Wakimbizi wanapewa shayiri kwa kibao. Bila jina atakula nini, huruma?"

Nilikaribia kulia. Ndugu ni wangu, lakini aliyemfikiria kwanza ni mume wangu.

Tarehe 10

Nimekwenda kwa Jemadari Tak, msimamizi wa watu wa kisiwani. Ni mtu mkavu, huongea huku akichokoa meno.

"Unajua maana ya jina kuwa kibaoni?" akaniuliza. "Mumeo akifa kazini, nyumba inaachwa iomboleze, hatuigusi. Akitoroka, aliye chini yake kibaoni ndiye anayekaa kwenye kasia."

"Mangsoe atoroke aende wapi, Bwana Jemadari?" nikamjibu. "Hata kwenda kuchanja kuni msituni hutaka asindikizwe."

Watu walicheka, hata yeye alitabasamu. Nikalitaja jina la Yeonbok kwa mdomo wangu, likachongwa.

Tarehe 14

Theluji ya kwanza. Tumechemsha usiku na mchana kwa zamu. Jirani yangu Mama Pilsu ameunguza ushungi wake, akasema afadhali, ulikuwa mbaya.

Tarehe 22

Namshonea Mangsoe koti la pamba. Pamba nimeitoa kwenye godoro langu mwenyewe, maana merikebuni upepo unapita kwenye matundu ya makasia kama mwizi. Mama Pilsu ananisaidia kushona. Mwanawe Pilsu anavuta kasia moja na Mangsoe, watu wanne kasia moja, na anasema bila vichekesho vya mume wangu wangekuwa wameshakufa kwa unyonge.

"Una bahati, mwanangu," akaniambia Mama Pilsu. "Mimi wangu alikuwa akinitazama kama mtu anayetazama mvua."

Mwezi wa kumi na moja, tarehe 1

Nimepiga magoti kwa Jemadari Tak. Mashua ya heringi inavuka kwenda soko la Namchon, na Mangsoe aliniomba nimwombee nafasi ya mpagazi. Alisema miguu yake imesahau kutembea, anataka kukanyaga ardhi isiyotikisika hata kwa siku chache. Jemadari alikataa, nikaomba tena, nikamletea kapu la heringi wenye mayai. Akakubali.

Mangsoe ameondoka na koti jipya. Alimkumbatia Yeonbok kwa muda mrefu. Nilishangaa kidogo, kwani si mtu wa kukumbatia.

Tarehe 6

Mashua imerudi bila yeye.

Wanasema walifika Namchon bahari ikiwa imechafuka. Alikuwa akishusha makapu kwenye mawimbi, maji yakimfika kifuani, wimbi likapita, kapu likaelea peke yake. Walimtafuta mpaka giza. Nahodha alikuwa akinieleza huku amevua kofia. Nikamwuliza kama koti lilikuwa limefungwa vizuri. Sijui kwa nini nilimwuliza hivyo.

Tarehe 7

Mtu akifa lazima aitwe kabla roho yake haijafika mbali. Unapanda juu ya paa na shati lake, unalipeperusha kuelekea kaskazini, unataja kijiji chake na jina lake, unaita "Rudi!" Mara tatu tu. Asipoitikia hata ya tatu, hapo ndipo anakuwa maiti kweli na mnaruhusiwa kulia.

Anayepanda ni mwanamume. Wanaume wenye mapafu mazima wote walikuwa baharini. Yeonbok akasema, "Nitapanda mimi, Dada. Ameniweka nyumbani kwake."

Akapanda. Nyasi za paa zilikuwa na barafu. Nilishika ngazi nikisikia kifua chake kikilia juu yangu. Akalipeperusha shati la kitani la Mangsoe, lile la zamani lenye kiraka begani, akaita. Ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili ilikatwa na kikohozi. Kabla ya ya tatu alikaa sana juu ya paa, mpaka Mama Pilsu akasema ashuke, inatosha. Hakushuka. Aliita ya tatu kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, na bahari nzima ikanyamaza.

Ndipo nikalia. Nililia mpaka Mama Pilsu akanilaza mapajani kwake kama mtoto.

Tarehe 8

Nimevaa kitani cheupe cha kufiwa.

Tarehe 13

Jemadari Tak ameniletea shayiri ya msiba, akasimama mlangoni, akasema Mangsoe alikuwa mtu wa kuchekesha. Nyumba yangu haitaguswa. Mama Pilsu analala kwangu kila siku. Mama mzazi asingefanya zaidi.

Tarehe 19

Chumvi nyeupe leo, nzuri sana. Nilitaka kumwonyesha.

Tarehe 25

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa kwenye mchanga wa chumvi nikichota maji makali ya kuchemsha chumvi. Nikasikia watu wanapanda kuelekea kwangu, nikakimbia. Nilimkuta Jemadari Tak uani na askari wawili, na Yeonbok katikati yao anafunga viatu vyake taratibu.

"Bwana Jemadari, hii ni nyumba ya msiba!" nikapiga kelele.

"Msiba wa nani?" akasema. "Mumeo yuko Namchon, mzima, anakula wali kuliko mimi."

Jana, nilipokuwa kazini, alipita mchuuzi wa vyungu kutoka bara na salamu zangu. Hakunikuta. Akampa Mama Pilsu salamu hizo ili anifikishie: "Mume wako hajambo. Yuko kwa tajiri mmoja, amejiita jina jingine. Umtumie chumvi kidogo, na utulie. Joto likianza atakuja kukuchukua." Mama Pilsu hakunifikishia mimi. Alikwenda moja kwa moja kwa Jemadari.

Sasa Mama Pilsu alikuwa amesimama kwenye ua wake, mikono imekunjwa.

"Wewe!" nikamwambia. "Ulilala kwenye blanketi langu!"

"Nililala," akajibu. "Na mwanangu analala wapi? Kasia la watu wanne wanavuta watatu tangu mumeo azame. Pilsu anatema damu, Okdan. Ulitaka nifanye nini, nikushonee koti jingine?"

Nilimwokotea kinyesi cha ng'ombe, nikamrushia. Hakukwepa.

Yeonbok aliniambia, "Usihangaike, Dada. Kasia nalijua." Akashuka nao kilima bila kupumzika hata mara moja, nadhani aliona aibu mbele ya askari. Nilikaa chini nikakitazama kibao cha mlango, jina la juu na jina la chini, na hapo ndipo akili ikanijia. Mwandikishe kwetu. Atakula nini, huruma? Upande wa sakafu wenye moto! Mangsoe hakuwa anamwokoa ndugu yangu. Alikuwa anamlaza mahali pake, ili siku akigundulika wapate mkono mwingine bila kumsaka yeye.

Na mimi, mjinga wa wajinga, nilimpigia mtu yule magoti, nikampa hadi pamba ya godoro langu ya kutorokea.

Mwezi wa kumi na mbili, tarehe 2

Merikebu zote zimetoka doria. Sikula.

Tarehe 3

Sikula.

Tarehe 9

Wamerudi. Merikebu ya Yeonbok imevutwa ufukweni ili wachome moto minyoo inayotoboa mbao zake. Nikajipenyeza na uji. Amekaa kwenye mchanga na wenzake, midomo ya buluu. Nilimtolea bakuli akalishika kwa viganja, vidole havifungiki.

"Dada," akasema, "wazo la kuniandikisha lilikuwa la nani?"

"La Mangsoe," nikamwambia.

Akanywa uji. "Na mdomo ulikuwa wa nani?"

Pilsu, kijana wa watu, alikuwa kando yake. Akasema haraka kwamba Yeonbok anavuta vizuri, kwamba wanampa upande wa ndani wa kasia ambao ni mwepesi. Alikuwa anajitahidi kunifariji. Nikamwachia nusu ya uji.

Tarehe 11

Nimekwenda kwa Jemadari Tak bila kapu lolote.

"Tumeni askari Namchon wamkamate!"

"Nimeshatuma," akasema. "Tajiri yule ana watoro kama kumi wanamlimia kwa chakula tu. Anasema huyo ni Bong, mtumishi wake tangu utotoni, na ana mashahidi. Bila mtu mwenyewe kukiri mbele za watu, hakimu wa wilaya hataki ugomvi na tajiri." Akatupa kijiti chake cha meno. "Niletee mtu, nikurudishie ndugu. Kasia halijali ni mkono wa nani."

"Mtamkata kichwa?"

"Kwa sheria, ndiyo. Kwa uhaba tulionao, kichwa nakiacha kwa sababu ya mikono."

Kesho kutwa mashua ya heringi inavuka. Kitani cha kufiwa sijakivua bado, na wanasema mwanamke mwenye msiba ana mkosi baharini. Nahodha hakukataa nilipomwambia nitapanda. Alitazama pembeni tu.

Tarehe 15, Namchon

Nataka kuandika yote kama yalivyokuwa.

Soko lilikuwa limejaa, watu wa milimani na mtama wao, sisi na samaki wetu. Nilivaa kitani cheupe na kamba ya majani kiunoni. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa kwenye kibanda cha supu, amenenepa mashavu, anawasimulia watu kitu na wote wanacheka. Amevaa koti langu.

Nikasimama mbele yake. Akatema supu.

Alinivuta nyuma ya magunia. Jambo la kwanza alilosema, Mungu wa mbinguni, ni hili: "Umeleta chumvi?"

"Yeonbok yuko kwenye kasia lako," nikamwambia.

"Najua. Sikiliza, Okdan, usinune. Nilipiga hesabu vizuri. Homa ile haimshiki mtu mara mbili. Yeye ameshaugua akapona, mimi bado. Mle ndani kati yetu nani angekufa kwanza? Mimi! Yeye yuko salama kuliko mimi. Kwa kweli nimeokoa watu wawili."

Alikuwa anaamini. Alikuwa ananieleza kwa upole, ameshika kiwiko changu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Nimelala na mtu huyu miaka tisa.

"Anakufa, Mangsoe."

"Na nani alimwandikisha? Mimi nilifika kwa Jemadari? Mdomo wako ndio uliosema."

Halafu nikamwambia polepole, "Tuliita roho yako. Yeonbok alipanda juu ya paa na lile shati lenye kiraka."

Hapo uso wake ulibadilika. Akashika kifua. "Mliita ngapi?"

"Tatu."

"Zote tatu? Nikiwa hai?" Akanisogelea. "Lini? Mwezi uliopita, tarehe saba? Siku ile nilianguka shambani, Okdan, bila sababu, wakanibeba. Tangu siku ile naota naitwa. Kwa nini mliita? Mtu hai akiitwa si roho yake inatolewa!"

"Tulidhani umekufa. Tulikulilia."

"Msinifanyie tena," akasema. Hakuuliza habari za ndugu yangu. Akarudi kwa watu wake, na mmoja akamwita, "Bong! Nani huyo mjane?" Akasema, "Mwendawazimu, anaomba samaki."

Watu wakacheka.

Nikarudi kwenye mashua nikalitoa shati kwenye fungu langu. Nilikuwa nimelichukua nimwonyeshe, labda moyo wake ungelainika. Ndivyo nilivyokuwa mjinga mpaka leo asubuhi. Hakimu wa wilaya alikuwa barazani na walinzi wake wakipokea sehemu yao ya samaki. Nikapanda juu ya gari la ng'ombe lililosimama katikati ya soko, nikageukia kaskazini, nikalishika shati kwa kola.

"Mangsoe wa kijiji cha Solgae! Rudi!"

Soko likanyamaza. Hakuna anayeongea roho ikiitwa. Muuza supu akaweka upawa chini. Wazee wakavua kofia. Mimi nilimtazama yeye tu. Alikuwa ameshika nguzo ya kibanda na mikono miwili.

Nikalipeperusha tena. "Mangsoe wa kijiji cha Solgae, mpiga makasia wa kikosi cha majini! Rudi!"

Akaachia nguzo, akaziba masikio. Tajiri wake alimshika bega akamwambia kitu sikioni. Nikavuta pumzi ya tatu. Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: ningeita. Kama ningejua kwamba kwa ya tatu angeanguka pale pale amekufa, bado ningeita.

"Usiite!" Alikuwa anakimbia kuja kwangu, anapindua vikapu, anajipigapiga kifua. "Okdan, usiite ya tatu! Niko hai! Ni mimi Mangsoe wa Solgae! Tazameni, jamani, niko hai, mimi ndiye!"

Akashika ukingo wa gari na ukingo wa sketi yangu, analia. Hakimu alikuwa ameshasimama. Hata tajiri hakuweza kukana, maana soko zima lilisikia mtu akijitaja.

Walipokuwa wanamfunga aliniuliza, "Mke wangu, umenifanyia nini?"

Nimeandika swali lake. Jibu sina, na hata ningekuwa nalo nisingempa.

Tarehe 17

Nimerudi. Yeonbok ameshushwa. Mangsoe amepigwa fimbo, na ataingizwa merikebuni akiweza kukaa. Koti walinzi walimvua huko huko Namchon, sijui sasa linamtia joto nani.

Nilimlaza Yeonbok kwenye sakafu ya moto, upande ule ule. Akahamia upande wa baridi.

Tarehe 21

Kwenye kibanda cha chumvi wanawake wananipisha nichote maji kwanza, kama mgonjwa anayepishwa. Mmoja amemkataza mwanawe kutaja jina lake mwenyewe nikiwepo, nisije nikaliita. Mama Pilsu aliacha bakuli la figili ya chumvi kwenye kizingiti changu. Halikuguswa mpaka jioni. Halafu nikala, maana Yeonbok anahitaji chakula na mimi ndiye wa kuchemsha. Hatujasemeshana.

Mwaka wa Nyani, mwezi wa kwanza, tarehe 4

Heringi wamekwisha. Maghala yana shayiri mpaka mavuno ya ngano. Mwaka huu hatutazika kama mwaka juzi, kila mtu anasema hivyo. Karai limezimwa, nimelikwangua na kulipaka mafuta ya samaki.

Ngoma ililia asubuhi, merikebu zinatoka. Nilishuka gatini. Sijui nilifuata nini. Wapiga makasia walipita mmoja mmoja, Pilsu akaniinamia kichwa, na nyuma yake akaja Mangsoe, kifua wazi, ngozi imesimama kwa baridi. Hakunitukana. Alisimama mbele yangu kwa namna yake ile ile ya zamani, akajaribu hata kutabasamu.

"Okdan," akasema, "huna hata kitambaa? Mle ndani upepo, unajua."

Nilikuwa nacho, chini ya kwapa. Nikampa.

Alikikunjua. Aliona kiraka begani, akajua ni shati gani. Shati lililoitiwa roho huvalishwa maiti, halivaliwi na mtu mwingine; hata Yeonbok, na baridi yote ile, alikataa kulilalia. Mangsoe alinitazama usoni muda mrefu akitafuta kama ninatania. Nyuma yake askari akapiga kelele, "Twende, twende!"

Akalivaa.